Mwili Uliosahau Malaria

Jumapili, 8 Septemba 2024

Nimeamua. Najifungulia nyumbani, Muheza, kwa mama. Basi, yamekwisha. Nimemwambia Pandu akasema sawa. Mume wangu akiwa na simu ya mteja sikioni, hata nimwambie naenda kujifungulia mwezini atasema sawa.

Sababu ni moja, na ina miaka saba: Samadi. Jina kamili ni Abdulsamad, ila ukimwita hivyo anajua kaharibu kitu. Tangu tuje huku Guangzhou, China, miaka minne sasa, yuko kwa bibi yake. Leo kwenye video kanionyesha mapengo yake ya mbele, mdomo wote kwenye kamera. Akauliza mtoto atakuja kwenye sanduku lipi, jekundu au jeusi? Nikamwambia anakuja tumboni. Akafikiri. "Basi kwenye ndege usimfunge mkanda kwa nguvu, mama."

Jamani!

Hamu ya wiki hii: harufu ya maboksi mapya. Mimba ya Samadi nilitafuna udongo, hii nanusa makatoni. Na ofisi yetu ya cargo hapa Sanyuanli imejaa makatoni mpaka darini — niko peponi. Leo mteja kanikuta pua iko ndani ya boksi la feni. Kaondoka bila hata kuuliza bei.

Alhamisi, 12 Septemba

Kliniki. Daktari Lin ni binti mdogo, miwani mikubwa, mikono ya baridi. Kichina changu mimi ni cha sokoni. Najua kumwambia laoban, yaani bosi wa duka, kwamba bei yake ni ya kuua mtu. Sijui "kondo la nyuma". Kwa hiyo tunaongea kupitia simu yake inayotafsiri, na simu yenyewe ina mdomo mchafu kidogo.

Mtoto mzima. Anapiga mateke. Nikamwambia naenda kujifungua kwetu mwezi wa kumi na moja. Akasema nimwonyeshe kwetu ni wapi. Akaivuta ramani ikawa kubwa, kubwa, mpaka Muheza ikatokea. Ndipo akauliza mara ya mwisho kuugua malaria ni lini.

Mimba ya Samadi, mwezi wa saba. Na kliniki sikukosa hata mara moja! Vidonge vya SP, vile vya kukinga malaria, nilivimeza mbele ya nesi, nikafungua mdomo aone. Ikanipata vilevile. Samadi akazaliwa na kilo mbili na chembe, kama kifaranga kilichonyeshewa. Wiki ya kwanza nilikuwa naogopa kumbeba.

Daktari kaniambia mambo mawili. La kwanza, ukanda wetu ule vimelea vya malaria vimeizoea SP, haivitishi kama zamani. La pili ni langu mwenyewe. Mtu anayeishi kwenye malaria mwili wake unajifunza kupigana nayo. Mimi nimekaa miaka minne bila mbu wa malaria hata mmoja. Mwili umesahau. Na mimba inazidi kuulegeza. "Ukirudi utakuwa kama mgeni," simu ikatafsiri.

Mgeni! Mimi! Muheza! Nilicheka mpaka kile kitanda kikalia. Yeye hakucheka.

Nimetoka na hasira. Nimenunua fenesi, nimelila lote kwenye benchi.

Jumanne, 17 Septemba

Sikukuu ya mbalamwezi. Jirani katuletea keki zao — nzito kama sabuni ya mche, na ndani kuna kiini cha yai! Pandu kala tatu, anasema zinaenda na chai.

Nimempigia mama nikamweleza ya Daktari Lin. Jibu lake: "Kwani yeye kazaa wangapi?" Sijui, mama. "Mimi nimezaa sita, hapa hapa Muheza, wala sijaona ramani."

Kweli, sita. Ila tuko watano. Mmoja alizaliwa kipindi cha mvua, hakufikisha arobaini. Sikuwa nimezaliwa. Nyumbani hatumtaji, na leo pia sikumtaja.

Pandu kaja na akili yake: si tunakaa kwenye nchi iliyogundua dawa ya malaria? Tununue maboksi, nimeze kila mwezi mpaka nizae. Nikaona si mbaya! Nikamwandikia daktari. Jibu lilirudi kabla sijaweka simu chini: hapana, hapana, hapana. Hiyo ni dawa ya kutibu. Ipo wanayoichunguza kwa ajili ya kuwakinga wajawazito, lakini chini ya macho ya wataalamu, siyo mtu kununua na kujipimia. Kila mtu akijimezea ovyo ndivyo vimelea vinavyojifunza na hiyo nayo.

Nimemsomea Pandu. Kanuna kama mtu aliyezuiliwa mzigo bandarini.

Jumamosi, 21 Septemba

Mama wa serikali ya mtaa kagonga mlango, kavaa kizibao chekundu, tochi mkononi. Anasaka maji yaliyotuama. Msimu wa homa ya dengi huu, kila siku wanapuliza dawa. Kamulika bafuni, chini ya friji, mpaka ndani ya ndoo. Kwenye chombo changu cha mianzi ya bahati akakuta viluwiluwi! Akapiga kelele mtaa mzima usikie. Akamwaga yote kwenye sinki, akanionyesha tumbo langu kwa kidole, akanipiga kikofi begani, akaondoka.

Nimeona aibu. Halafu nimecheka. Mbu wa huku wana dengi, malaria hawana, nchi hii walishaimaliza. Na bado wanagombana hivi na glasi moja ya maji.

Ijumaa, 11 Oktoba

Marlène kaja! Mteja wetu kutoka Kalemie, kule Kongo, kwenye Ziwa Tanganyika. Ananunua taa za sola na redio ndogo, kila maonyesho ya biashara ya hapa Pazhou lazima awepo. Kashuka kwenye teksi — na yeye ana tumbo! Miezi mitano. Tulipokumbatiana matumbo yakagongana, tukashindwa kufikiana. Pandu akapiga picha.

"Dalila, weye pia? Na hukunisema?" Na wewe hukuniambia! Tumekula ugali na samaki kwake hotelini mpaka tukalala hapohapo kwenye viti.

Wa nne huyu kwake. Watatu kawaacha Kalemie na dada yake. Anasema mumewe alitaka asisafiri, naye akamwuliza taa zitajinunua?

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku gani hii. Nimechoka lakini lazima niandike.

Asubuhi tulikuwa Pazhou, mimi kama mkalimani wake. Kumbi kubwa, baridi ya viyoyozi, watu kama siafu. Marlène anabishana na laoban mmoja wa taa za sola, mnene, mchangamfu. Wako karibu kuelewana. Nikaona meno yake yanagongana. Kajifunika mtandio mara mbili. Nikasema ni viyoyozi. Halafu nikamshika mkono — moto! Moto wa kukaanga yai.

Nikamwambia tuondoke. Hataki. "C'est rien, si kitu. Ni uchovu." Marlène, una homa. "Haiwezi kuwa malaria, Dalila. Nilikunywa ile dawa ya mimba kule kwetu, vidonge vyote, mbele ya masista. Nitawezaje kuwa na malaria?"

Nilijisikia mimi mwenyewe nikiongea. Maneno yaleyale niliyomwambia nesi wa Muheza, mwezi wa saba, natetemeka vilevile.

Laoban alikuwa anatutazama. Nikamwambia mama huyu mgonjwa. Akaruka! Akaleta kigoda cha plastiki, akaleta maji ya moto — huku maji ya moto yanatibu kila kitu — akaandika ile bei ya mwisho kwenye karatasi, akaipiga muhuri, akampa. Bei haitoroki, kasema, nendeni.

Nje Marlène akanishika. Anaogopa hospitali. Wakijua katoka na ugonjwa Kongo si watamfungia? Si watamfutia viza? Afadhali ameze kitu, alale, kesho atakuwa mzima. Teksi inangoja, dereva anapiga honi, mimi nabembeleza. Mwishowe nikatoa simu nikamwonyesha picha ya Samadi siku aliyozaliwa. Sijawahi kumwonyesha mtu. Nikamwambia: huyu mama yake naye alimeza dawa zote. Huyu mama yake naye alisema kesho nitakuwa mzima, akangoja siku mbili.

Kaitazama muda mrefu. Miguu ile kama vidole.

"Bon. Twende."

Njiani nilimwandikia Daktari Lin, malaria inaitwaje kwa Kichina? Akanirekodia: nüeji. Nikafanya mazoezi teksi nzima. Kufika dirishani hospitali nikatamka kwa sauti — nesi akacheka mpaka akashika meza. Sijui nilisema nini. Nikamchezea sauti ya Daktari Lin. Akaacha kucheka, akainuka.

Daktari wa pale alianza kwa kusema dengi, maana wodi nzima ni dengi. Ila alipouliza katoka wapi, akasikia Kongo, hakungoja. Damu ikachukuliwa palepale. Tukakaa. Marlène kalaza kichwa begani kwangu, anaongea na mtoto wake Kifaransa.

Malaria. Ile mbaya, falciparum.

Kapelekwa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza kwa gari la wagonjwa. Nilitaka kupanda, wakanizuia. Tumbo langu hilo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Yuko hai. Leo wameniruhusu kumwona. Homa bado inapanda na kushuka, lakini dawa imeanza kazi. Dawa ileile ya Kichina. Wamemwekea mashine tumboni, mapigo ya mtoto yanasikika wodi nzima, kama mtu anayekimbia na ndala. Nesi akatuonyesha dole gumba.

Halafu wamekuja madaktari vijana, wengi, kwa zamu, kuangalia damu yake kwenye hadubini. Malaria hawajawahi kuiona ila vitabuni. Wanatoka kule maabara macho yanang'aa, wanampa hongera. Marlène na drip yake mkononi kaniuliza: "Wanalipa kiingilio?"

Nimecheka nikalia. Yote pamoja.

Jumapili, 20 Oktoba

Kala! Uji wa wali, halafu mayai, halafu akauliza kama huu mji hauna pilipili. Laoban wa taa kamtumia kapu la matunda na picha ya katoni zake zimeshafungwa. Kwenye picha kasimama kando ya katoni kama bwana harusi.

Nilimwuliza atafanyaje akirudi. Nilidhani atasema nazaa hukuhuku.

"Nitazalia wapi tena? Wale watatu wako kule." Neti anayo, analala ndani kila siku. "Lakini mbu wa kwetu hangoji ulale. Ananiuma jioni, nikiwa napika." Kliniki atakwenda kila mwezi, SP atameza, na akisikia joto tu atakimbilia kipimo, hata iwe saa ngapi. Hicho ndicho alichojifunza. "Dalila, mimi ziwa lote ni la mbu. Weye nchi yenu ni kubwa. Hakuna pembe ingine ya kuenda?"

Nimerudi nayo nyumbani hiyo pembe.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimempigia Nesi Najat, yuleyule wa kliniki ya Muheza. Bado yupo! Bado anafoka! "Dalila wa kifaranga?" Ndiyo mimi.

Nimemwuliza waziwazi. Akanijibu waziwazi. SP bado wanatoa, na atanipa nikija, kwa sababu bado inamsaidia mtoto uzito. "Lakini sikudanganyi kuwa ni ukuta. Ilikuwa ukuta. Sasa hivi ni ua wa makuti." Neti, kipimo mapema, dawa ya mseto malaria ikionekana. Na wewe uliyetoka nje, kasema, mvua hizi za vuli mimi ningekuwa na ndugu milimani ningekaa milimani. Huko juu kwenye baridi mbu wa malaria ni wa kutafuta.

Milimani! Mkoa wetu huohuo! Lushoto! Mama mdogo Chausiku si yuko Lushoto, nyumba ina vyumba vinne, kabaki peke yake, na hospitali iko kule kule? Hata Samadi atakuwa nami. Pandu nilivyomwambia aliweka simu ya mteja chini. Aliiweka chini! "Kwa nini hatukufikiria siku zote?"

Kwa sababu ya mama, ndiyo maana. Mama na mdogo wake hawasemeshani. Siku ya harusi yangu Chausiku alibadilisha sare ya familia bila kumwambia dada yake, mama akaingia ukumbini peke yake na rangi ya waridi, wenzake wote kijani. Miaka tisa. Salamu wanapelekeana kupitia kwangu, mimi niliye China.

Mama mdogo kakubali kabla sijamaliza sentensi. Halafu kauliza kwa sauti ndogo: "Na yeye atakuja?"

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemwambia mama.

Loo.

"Lushoto? Kwenye lile jokofu? Kwa yule?" Nikaeleza ya Marlène. Nikaeleza ya Nesi Najat. Nikaeleza ua wa makuti. Akasema kitanda changu kashatandika, neti mpya kanunua, kuku kawatenga. Akasema nani atakukanda, mimi, nivuke milima na magoti haya? Nikasema njoo ukae nami huko, mama, wewe na Samadi. Akasema yeye hawezi kulala kwa mtu aliyemvika waridi mbele za watu.

Akakata.

Marlène katoka hospitali leo. Tulimpikia biriani. Kampigia mumewe kwenye video, akamwonyesha tumbo, akamwonyesha dawa, akamwonyesha mpaka biriani. Alipoondoka kwenda hotelini kanishika mashavu yote mawili. "Mama yako atapanda." Hamjui mama yangu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mama hajapiga. Samadi kanitumia sauti: bibi anafua vitu ambavyo ni visafi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mama kapiga mwenyewe. Hakunisalimia. Kauliza kitu kimoja: "Yule daktari alisema mwili unasahau?"

Ndiyo, mama.

"Wangu haujasahau."

Nikangoja. Nilisikia kuku nyuma yake. Akasema, "Alikuwa anaitwa Idi." Hivyo tu. Maisha yangu yote sikujua kwamba yule tusiyemtaja alikuwa na jina. Akasema yeye alikuwa na homa mimba ya Idi, siku nyingi, wakamwambia ni uchovu wa shamba. Alizaliwa mdogo, analia kama paka. Akasema mama yake mzazi alitaka kumpandisha kwa ndugu kule milimani azalie huko, yeye akakataa, eti baridi.

Nikasema, mama.

"Usilie, utamtikisa mtoto." Akakata.

Nimekaa juu ya makatoni mpaka Pandu akaja kunitafuta. Amekaa na yeye.

Jumapili, 3 Novemba

Ndege yangu Jumamosi ijayo. Barua ya Daktari Lin ninayo, kaniandikia pia kwa Kiingereza, mwishoni kachora uso unaocheka. Marlène kaondoka jana, katoni zake zinamfuata kwa meli. Nimembembeleza hadi mlango wa ukaguzi asahau kila kitu ila kipimo. Kaapa kwa Bikira Maria na kwa taa zake zote.

Leo jioni nakunja nguo za mtoto, simu inalia. Mama! Kelele za injini, upepo, mtu anaimba. Uko wapi, mama?

"Mombo."

Mombo! Hapo ndipo barabara ya Lushoto inapoacha lami kuu na kuanza kupanda! Yuko mbele kwenye fuso la kabichi, linarudi tupu kutoka Tanga, dereva ni mtu wa msikitini kwao. Samadi kabanwa katikati. Kavaa sweta la marehemu baba na juu yake kanga mbili, na bado hawajaanza hata kona ya kwanza. "Nakwenda kuangalia hicho chumba," anapaza sauti, "kama kina ukungu mtoto wangu halali humo! Nikikuta ukungu narudi na gari hilihili!"

Sawa, mama.

"Na usimwambie kama nakuja!"

Dakika hiyohiyo ujumbe ukaingia, mama mdogo Chausiku. Dereva wa fuso ni mteja wake wa kabichi. Dereva kashamwambia. Yuko barabarani tangu asubuhi, amebeba mablanketi mawili. Anauliza: "Nimwambie nini akishuka?"

Gari likaanza kupanda, mama anaendelea kusema, magoti, ukungu, huyu dereva anakimbia. Nikamsikia Samadi anapiga kelele, bibi tazama, tazama kule chini! Na mama, polepole, kama hanisemeshi mimi: "Kumbe kuzuri hivi."

Mtandao ukakata. Ni zile kona. Nimepiga, hapatikani. Nimepiga tena na tena, saa nzima.

Pandu kasimama mlangoni na kisoksi kimoja mkononi, anauliza wamefika? Sijui. Mama mdogo kaandika tena: "Dalila? Naliona gari kwa chini. Nimwambie nini?"

Nimeandika, mpe blanketi kwanza. Nimefuta. Nimeandika, mwombe radhi ya sare. Nimefuta hiyo pia. Sasa nimeandika neno moja, Dada, mwite Dada, na kidole kiko juu ya kitufe, na mtoto huku ndani anapiga mateke kama na yeye yumo kwenye lile gari —